Soko Lililo Mfukoni: Mambo Yanayovuta Moyo wa Mnunuzi Mtandaoni

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kuuza bidhaa za vikundi kwa njia ya simu, yaani Facebook, WhatsApp, TikTok na mitandao mingine ya kijamii. Tunajua wengi wenu mmeshaanza. Tukitembelea vikundi tunaonyeshwa picha za viondo, asali, vifaranga, sabuni na mboga zilizokaushwa. Na swali tunaloulizwa karibu kila mahali ni hili: "Mbona wenzetu wanapata wateja na sisi hatupati?"

Wengine hudhani jibu ni simu ya bei kubwa. Simu nzuri inasaidia, hatukatai. Lakini jibu lenyewe limo ndani ya akili ya mtu anayeitazama ile picha. Kwa nini asimame hapo? Kwa nini aamini? Kwa nini atoe pesa yake kwa mtu ambaye hajamwona? Tukiyaelewa hayo tutauza vizuri zaidi, na tena hatutanaswa na wakora wanaoyaelewa kutushinda.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema hujiuza pale kinapoonekana. Asali iliyofungiwa stoo haijiuzi.

1. Tujue kwanza soko hili ni la nani

Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009. Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp, na leo kampuni hiyo inaitwa Meta. Kujiunga ni bure. Sasa hebu tujiulize: nani atajenga soko, aezeke mabati, aweke na taa, halafu asitoze mtu hata senti? Karibu mapato yote ya kampuni hii hutoka kwa matangazo. Wanaolipa ni wenye kutangaza, na kinachouzwa ni muda wetu wa kutazama. Tukikaa zaidi kwenye simu, wao wanapata zaidi.

Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyeitwa B. F. Skinner, aliyeishi kati ya 1904 na 1990. Aliweka njiwa ndani ya sanduku lenye kitufe cha kudonoa. Mara nyingine chakula kilitoka baada ya kudonoa mara chache, mara nyingine baada ya kudonoa mara nyingi sana. Njiwa hakuweza kujua. Basi alidonoa bila kuchoka, na hata chakula kilipokatwa aliendelea kudonoa kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa.

Je, sisi hatufanani na huyo njiwa? Tunafungua simu, hakuna kitu. Tunafungua tena, kuna ujumbe. Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne watu ishirini wamependa picha yetu! Ile alama ya kidole gumba iliwekwa Facebook mwaka 2009, na mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni hiyo, alisema hadharani kwamba waliotengeneza mambo haya walijua wanatumia udhaifu uliomo katika akili ya binadamu.

Kwa hiyo mwuzaji asigeuke njiwa. Anayesimamia simu ya kikundi apange nyakati, tuseme asubuhi na jioni, za kutuma picha na kujibu wateja. Kisha aiweke simu chini ashike jembe. Kidole gumba si shilingi. Tumeona picha iliyopendwa na mamia ya watu na haikuuza hata kiondo kimoja.

2. Watu hufuata watu

Mwaka 1951 Solomon Asch, mtaalamu mwingine wa Marekani, alichapisha habari za jaribio lake. Aliwakalisha watu chumbani, akawaonyesha mistari, akawauliza ni upi ulio sawa kwa urefu na mstari wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepatana naye mapema kutoa jibu la uongo. Yule mmoja, akisikia wenzake wote wamesema vingine, je, angesimama na macho yake? Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo wa wenzao angalau mara moja.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda Marekani kulijua hilo. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 habari zilienea kwa redio, kwa simu na kwa mdomo kwamba mayai ya kware yanatibu karibu kila kitu na kwamba mfugaji anatajirika kwa muda mfupi. Yai lile dogo likazidi bei ya yai la kuku mara kadhaa. Watu walichukua mikopo, wakanunua ndege na mashine za kuangulia, ingawa kufuga kware kulihitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kufika 2014 bei ilikuwa imeanguka, kwa sababu kila mtu alikuwa mwuzaji na mnunuzi hakuonekana. Hakuna aliyekuwa ameuliza, "Ni nani hasa anayekula mayai haya kila wiki?" Kila mmoja alimtazama jirani yake tu.

Nguvu hiyo inaweza pia kutumika kwa haki. Mteja aliyefurahi aombwe aandike maneno mawili matatu. Shule inayonunua mboga zenu ikikubali, semeni hivyo. Mtu akiona wengine wameshanunua na wameridhika, hofu inapungua. Lakini msitunge sifa za uongo, wala msinunue vidole gumba vya kulipia. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya bidhaa, na mtandao hauko nje ya sheria.

3. Kinachokaribia kuisha hutamaniwa

Mwaka 1975 mtaalamu Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti waonje. Wengine walipewa kutoka chupa yenye biskuti kumi, wengine kutoka chupa yenye mbili tu. Biskuti ni zile zile. Lakini waliopewa kutoka ile chupa ya mbili waliziona ni za thamani zaidi.

Basi ikiwa mavuno haya mmepata chupa arobaini za asali, semeni: "Ni chupa arobaini, mavuno mengine ni baada ya mvua." Huo ni ukweli, na unamsaidia mteja kuamua. Lakini mkiandika "zimebaki mbili tu" wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, watu watahesabu. Siku mtakaposema kweli hakuna atakayesikia.

Tena hapa ndipo wakora hutegea mtego wao. "Nafasi zimebaki tatu, tuma pesa ya usajili kabla ya saa sita." Wanataka uharakishe ili usifikiri. Tunapendekeza kila kikundi kiweke sharti hili katika kitabu chake: jambo lolote la pesa linalotutaka tuharakishe litangoja mkutano. Biashara ya kweli itangoja.

4. Anayepewa hupenda kurudisha

Tazameni mama anayeuza maharagwe sokoni. Akishajaza gorogoro, anaongeza konzi moja juu. Hakusoma chuo, lakini anajua kwamba mteja atarudi kwake. Robert Cialdini wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya jinsi watu wanavyoshawishiwa, aliweka jambo hili miongoni mwa nguvu kubwa sita: aliyepokea hujisikia ana deni.

Kwenye simu huwezi kuongeza konzi. Nyongeza yako ni ujuzi. Wafugaji wa nyuki wanaweza kuwaeleza watu kwamba asali ikiganda si lazima iwe imetiwa sukari. Kuganda ni tabia yake, na ukiiweka chupa ndani ya maji ya moto kiasi, asali inalainika tena. Wasusi waonyeshe namna ya kusafisha kiondo kisipoteze umbo. Tumeni mafunzo mawili matatu kabla ya kutuma tangazo moja. Ukurasa usio na kitu ila "nunua, nunua" ni kama mgeni ambaye kila akibisha hodi anakuja kuomba.

5. Uso wa mtu na heshima yake

Mnunuzi humwamini mtu kuliko chupa. Picha ya mikono inayosuka, au ya mwanakikundi akirina asali, husema zaidi ya maneno mengi. Lakini hapa tungependa kusema kwa uzito, kwa maana tumeona mambo yasiyopendeza. Tumeona picha za watoto wenye nguo zilizoraruka zikitumiwa kuuza mikeka. Tumeona ugonjwa wa mjane umewekwa chini ya bei ya sabuni. Ni kweli huruma huleta pesa haraka. Lakini mnauza mkeka, hamuuzi umaskini wa mtu. Mtoto huyo atakua, na picha yake itakuwa bado inazunguka.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla ya habari zake kutumiwa hivyo, na kwa mtoto ni mzazi au mlezi anayekubali. Hata bila sheria, kipimo ni rahisi: je, mwenye picha angefurahi kuiona imebandikwa kwenye ukuta wa soko letu, na jina lake chini? Kama hapana, iacheni.

6. Mambo ya kufanya tukirudi nyumbani

Laini iwe ya kikundi. Namba ya mauzo isiwe ya katibu binafsi. Siku akihama atahama na wateja wenu wote. Neno la siri lijulikane na watu wawili.

Tumieni WhatsApp ya biashara. Ilianza mwaka 2018, na ni bure. Unaweza kupanga humo orodha ya bidhaa na bei.

Andikeni bei wazi. Ile tabia ya "uliza bei kwa siri" hufukuza watu. Anayelazimika kuuliza hudhani ni ghali, au kwamba bei inapangwa kwa kumtazama uso.

Pigeni picha kwa mwanga wa asubuhi, mahali safi, na kando ya kitu kinachoonyesha ukubwa. Kiondo kidogo kikipigwa picha kionekane kikubwa, mteja atakirudisha na ataeleza kwa nini.

Hakikisheni malipo. Ujumbe wa M-PESA hughushiwa. Anayetoa mzigo aangalie salio la laini ya kikundi kwanza. Namba ya siri haipewi mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwa kampuni.

Malalamiko yajibiwe mbele ya watu, kwa upole. Msiyafute. Andikeni: "Pole mama, chupa ilivuja, tunakutumia nyingine." Mia watasoma, na wote watajua ninyi ni watu wa aina gani.

Wekeni hesabu. Katika daftari andikeni pesa za bando, pesa za kulipia tangazo, na kila mauzo yaliyotoka kwenye simu. Baada ya miezi mitatu mlinganishe. Kama simu inakula kuliko inavyoleta, badilisheni njia.

Ndugu zetu, mitandao imebadilisha umbali wa soko, lakini mnunuzi ni yule yule. Bado anaogopa kudanganywa, bado anatazama wenzake wananunua wapi, bado anarudi kwa aliyemtendea vema. Anayejua hayo anaweza kumhudumia au kumwibia. Vikundi vyenu havina pesa za kushindana na matangazo ya kampuni kubwa. Mlicho nacho ni jina, na jina hilo mmelijenga kwa miaka ya michango midogo midogo na mikutano chini ya mti. Msiliuze kwa ajili ya wateja wa wiki moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mara ya mwisho tuliponunua kitu kupitia simu, ni nini kilichotufanya tuamini? Je, kilikuwa cha kweli?

2. Je, kuna biashara tuliyoingia, au tunayotaka kuingia sasa, kwa sababu tu wengine wameingia? Ni nani hasa atakayenunua kutoka kwetu?

3. Tukitazama picha na maneno tuliyokwisha kutuma, kuna lolote ambalo tusingependa lisomwe mbele yetu na mteja aliyenunua? Tutafanya nini juu yake, na nani atalifanya, kabla ya mkutano ujao?