Bustani ya Nyuma ya Jiko
(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka, Nyeri)



Tumeagizwa na Kamati tuseme machache juu ya bustani za nyumbani, kisha maneno hayo yatiwe katika kitabu cha taarifa ya mwaka huu. Sisi si bwana shamba. Kazi yetu ni kalamu na daftari, na mikono yetu ni laini kuliko inavyompasa mtu anayesimama mbele ya wakulima. Lakini Kamati ilijua kwa nini ilituchagua, maana habari ya nyumba yetu haikufichika kwao, nasi twaona afadhali kuisema wenyewe kabla haijasemwa na wengine.

Miaka michache iliyopita baba yetu alitugawia robo eka katika Mathira. Tuliijaza kabichi tupu, hata ile nafasi ya nyuma ya jiko, mpaka mama wa watoto wetu akakosa mahali pa kuanikia nguo. Lori likaja, likazichukua kwenda Nairobi, nasi tukakaa barazani tukihesabu fedha. Mwezi uo huo mtoto wetu wa pili alipelekwa zahanati, akaonekana hana damu ya kutosha. Muuguzi hakutugombeza. Alituuliza tu mtoto hula nini. Tukajibu: chai na mkate asubuhi, ugali au githeri jioni. Akauliza, na mboga gani? Hapo tulinyamaza, kwa kuwa mboga zetu zote zilikuwa zimekwenda Nairobi.

Mtoto alipona. Lakini swali lile halikututoka, tukaanza kuwauliza wazee jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Walituambia kwamba boma la Mkikuyu halikukosa chakula karibu na mlango. Migomba ilisimama pale majivu na takataka za jikoni zilipomwagwa. Viazi vikuu, ndivyo ikwa, vilipanda juu ya mti wa mukungugu uliopandwa makusudi uvishikilie. Njahi haikukosekana, kwa sababu mama aliyejifungua hulishwa njahi, na nani angengoja soko lifunguliwe ili mzazi ale? Managu na terere ziliota zenyewe palipo na samadi, na watoto walitumwa kuzichuma. Hata majira yetu tuliyaita kwa majina ya chakula: mvua kubwa ya Machi hadi Mei ni mvua ya njahi, na ile ndogo ya Oktoba hadi Desemba ni mvua ya mwere.

Basi twauliza, bustani ile ilikwenda wapi? Kwa maoni yetu haikufa kwa uvivu wa mtu yeyote. Kila mara palitokea mwingine aliyekuwa na haja na ardhi ile kuliko chungu cha nyumbani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 ikaisha mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilifungua viwanda vya kukaushia mboga Karatina na Kerugoya, ili askari walio mbali wapate mboga kavu. Wakulima wa Mathira na Ndia walijifunza kabichi, karoti na viazi kwa ajili ya kiwanda, na walijifunza vizuri sana. Fedha zilipatikana. Lakini vita vilipokwisha haja ya mboga kavu ilikwisha pia, viwanda vikafungwa, ingawa wakulima walitaka kazi iendelee. Hatusemi kwamba faida haikubaki. Mtu akienda leo soko la Karatina siku ya gulio, akaona marundo ya karoti na viazi na ndizi, ajue kwamba ustadi ule haukupotea. Ila ni ustadi uliofundishwa kwa ajili ya sahani ya mtu mwingine.

Kisha ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vyenye walinzi na mahandaki. Wazee wetu mlio hapa mlikuwa watoto wakati ule, na hatuna haki ya kuwasimulia njaa mliyoiona kwa macho. Twataja jambo moja tu. Nyumba zilisongamana, mama aliruhusiwa kwenda shambani kwa saa chache, na pale nyuma ya jiko hapakuwa na nyuma tena. Bibi yetu, mama mzaa baba, alitueleza kwamba aliporudi katika boma lake la zamani alikuta mukungugu umesimama peke yake, na vile viazi vikuu vimechimbwa na watu asiowajua. Hakupanda vingine.

Baada ya hapo mashamba yaliunganishwa, hati zikatolewa, na kahawa na chai zikapandwa. Hatuikashifu kahawa. Ndiyo iliyotulipia karo, na pengine bila hiyo tusingejua kuandika hotuba hii. Lakini katika nyumba nyingi safu ya kahawa ilifika mpaka ukutani, na mama akitaka kupanda sukuma wiki hana budi kuomba ruhusa. Leo, shamba likiwa limegawanywa kwa wana na wajukuu, nafasi imekuwa ndogo zaidi, na ruhusa imekuwa ngumu zaidi.

Kwa hiyo ombi letu kwa wazee ni hili, nanyi mtatusamehe tukisema waziwazi. Katika kila boma pawe na hatua ishirini kwa hatua kumi karibu na jiko ambazo hazihesabiwi katika kahawa, wala katika chai, wala katika mboga za lori. Tena mwenye amri juu ya hatua hizo awe mama wa nyumba. Akitaka kuuza masazo, auze, na senti ziwe zake. Mzee asije na kamba ya kupimia.

Sasa tuseme ya mikono. Tuliyojifunza tulijifunza kwa kukosea. Samadi mbichi ya mbuzi iliunguza kitalu chetu cha kwanza chote. Yafaa irundikwe pamoja na majani, ifunikwe na kugeuzwa kwa miezi mitatu hivi, mpaka isiwe na harufu kali. Sukuma wiki husiwa kitaluni, na baada ya wiki nne hadi sita miche huhamishwa, futi mbili kati ya mistari na futi moja na nusu kati ya mche na mche. Sisi ni watu sita, na miche thelathini imetutosha, maadamu tunachuma majani ya chini na kuiacha mioyo. Lakini msipande yote siku moja kama tulivyofanya kabichi. Pandeni nusu, kisha nusu nyingine baada ya mwezi. Tena kabichi na sukuma wiki ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja humngoja mwenzake udongoni. Palipotoka kabichi waingie maharagwe au vitunguu.

Wakati wa gathano, yaani baridi ya Juni hadi Agosti, ukungu wa mlimani hukaa juu ya Nyeri mpaka saa nne, na nyanya huungua majani kwa baa. Tumejaribu mara mbili tukashindwa mara mbili. Siku hizi nyanya zetu hukaa chini ya ukingo wa paa, miche minane tu, na wakati wa gathano hatuzipandi kabisa. Nduma hazihitaji mto. Chimbeni mtaro wa futi mbili, utandikeni karatasi ya nailoni, urudishieni udongo uliochanganywa na samadi, kisha mwelekeze humo maji ya kusuuzia vyombo, si yale ya sabuni nyingi.

Katika matunda, anzeni na matunda damu, kwa kuwa huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Mizizi yake haiendi chini sana, basi upepo wa Nyandarua huung'oa mti usiopewa nguzo. Pasheni na ipande juu ya ua. Plamu na peasi hupenda baridi yetu. Maembe twawaachia ndugu zetu wa sehemu za chini za Embu, wenye joto la kuyaivisha. Wanachama wa Nanyuki, ambao mlima huwazibia mvua, hawana budi kufunika udongo kwa majani makavu, la sivyo kazi yao yote itanyonywa na jua.

Juu ya maparachichi tuna manung'uniko. Tuliuziwa miche mitano, tukaapiwa kwamba ni ya kupandikizwa. Muuzaji hatumtaji. Tulingoja miaka sita, tukapata matunda madogo yenye kokwa kubwa. Mche wa kupandikizwa una kovu pale chini ambapo kijiti cha Hass au Fuerte kiliungwa na shina jingine, nao huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Shikeni kovu hilo kwa kidole kabla hamjatoa fedha. Anayetaka kujifunza kuunga mwenyewe, Kituo cha Mafunzo ya Ukulima cha Wambugu kipo hapa hapa Nyeri.

Wenzetu mnaopanga vyumba Majengo na Ruring'u mtasema kwamba hotuba hii si yenu, kwa kuwa hamna hata hatua moja. Chukueni gunia. Simamisheni katikati yake nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu, jazeni udongo na samadi pembeni, kisha toboeni matundu ubavuni na kupachika miche. Maji yamiminwe juu ya kokoto, nayo yatafika mpaka chini. Mwenye nyumba akikataa, mwonyesheni kwamba gunia huhamishika.

Mambo mawili ya jikoni, kisha tutaketi. La kwanza ni dawa za kunyunyizia. Kila chupa ina maandishi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma, na sote twajua watu wanaonyunyizia jioni na kuchuma alfajiri kwa sababu lori limefika. Mboga ya kula nyumbani haina lori la kuikimbilia. Vidukari wa sukuma wiki tunawaosha kwa maji ya sabuni kidogo. La pili ni magadi. Akina mama wengi huitia katika managu ili ilainike na kubaki na rangi nzuri, lakini magadi huua vitamini zile zile tulizoilimia. Managu changa huiva upesi bila magadi, na ikichanganywa na mukimo hata mtoto mteuzi hula.

Na watoto wapewe sehemu yao. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe hapa Nyeri mwaka 1940 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliandika kwamba mama yake alimpa kibustani chake mwenyewe alipokuwa mdogo. Yule mtoto wetu wa pili sasa ana tuta moja la karoti, analifukua kila siku mbili kutazama kama zimeota, nasi tumechoka kumkataza.

Bwana Mwenyekiti, Kamati imekubali kwamba kabla ya mvua ya njahi ijayo chama kitanunua miche ya maparachichi, mmoja kwa kila nyumba ya mwanachama, na kovu la kila mche litakaguliwa na wazee wawili. Mbegu za njahi tunazo kibaba kimoja na nusu, tulizopewa na mama mmoja wa Mukurweini ambaye hakuacha kuzipanda. Zitagawanywa Jumamosi ofisini kuanzia saa tatu. Kila mtu aje na mkebe wake, na akina mama watahudumiwa kwanza.