Dawa ya Macho Hutiwa Ndani, Haipakwi Nje

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Pwani, na leo nataka tuzungumze kuhusu dawa za macho. Ninasema juu ya yale matone ya chupa ndogo, na ile marhamu, yaani dawa ya mafuta iliyo ndani ya tyubu, ambazo hutolewa jicho linapoambukizwa na bakteria.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka mitatu kwenye zahanati nilikokuwa nikifanya kazi. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba na kujaa tongotongo za manjano. Mama alisema kila asubuhi kope hushikana mpaka azilainishe kwa maji ya vuguvugu. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nikampa tyubu ya tetrasaiklini, nikamwambia, "Mama, umpake mara nne kwa siku, kwa siku saba," nikamwita mgonjwa mwingine.

Siku ya tano akarudi. Mtoto hafungui macho kabisa, analia akipelekwa kwenye mwanga. Nilitaka kumkaripia yule mama kwamba hakutumia dawa, lakini tyubu ilikuwa karibu kwisha. Nikamwomba anionyeshe jinsi anavyofanya. Akanawa mikono, akaminya dawa kidogo kwenye kidole, akampaka mwanawe juu ya kope zilizofungwa, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Kisha akaniangalia akasema, "Si ulisema nimpake, sista?"

Ni kweli, nilisema hivyo. Dawa yote ilikuwa imekaa nje juu ya ngozi, na bakteria wako ndani. Yule mama hakukosa chochote. Aliyekosa ni mimi, kwa neno moja na kwa haraka. Tulimpeleka mtoto akapimwa na mtaalamu wa macho, na kwa bahati kile kioo cha mbele cha jicho kilikuwa bado kizima. Tulianza dawa upya, safari hii nikimwonyesha mama kwa mikono, na baada ya wiki moja mtoto alikuwa anakimbia uwanjani. Angeweza pia kubaki na kovu kwenye jicho. Tangu siku hiyo neno "kupaka" nimeliacha kwa ngozi. Dawa ya macho hutiwa.

Sasa hutiwa wapi? Simama mbele ya kioo, uvute ukope wako wa chini taratibu. Utaona kati ya ukope na jicho pana kama kijifuko chekundu. Humo ndimo dawa inamokaa. Usidondoshe katikati ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi, kwa sababu jicho litashtuka, litapepesa, na dawa yote itaishia shavuni.

Kabla ya yote, nawa mikono kwa sabuni. Ondoa tongotongo kwa pamba au kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Futa mara moja kuanzia upande wa pua kwenda nje, kisha utupe pamba hiyo uchukue nyingine. Dawa ikitiwa juu ya usaha haifanyi kazi yake vizuri. Halafu mgonjwa aangalie juu, wewe vuta ukope wa chini, udondoshe tone moja. Nasema moja. Kijifuko kile hakiwezi kubeba zaidi ya hapo, na matone matatu ni hasara tu. Afunge jicho bila kulikaza, na umbonyeze kidogo pembeni mwa pua, kwenye kona ya jicho, kwa muda wa dakika moja hivi ili dawa isiteremkie puani na kooni. Wengine huniambia, "Sista, matone yako ni machungu mdomoni." Basi huko ndiko yalikopitia.

Kwa marhamu, minya utepe mwembamba wa kama sentimita moja, sawa na upana wa ukucha wa kidole kidogo, ndani ya kijifuko kile. Mdomo wa tyubu usiguse jicho wala nywele za ukope. Ukigusa, bakteria huingia kwenye tyubu, na kesho utawarudisha jichoni pamoja na dawa. Kwa dakika chache baada ya marhamu macho huona ukungu. Hilo si dalili mbaya, lakini usipande bodaboda wala usishike panga mpaka ukungu uishe. Kama umepewa vyote viwili, tanguliza matone, ungoje dakika tano au kumi, ndipo utie marhamu.

Kwa mtoto mdogo najua ilivyo vita. Mzungushie leso mikono ikiwa ndani, mlaze chali, na mwingine amshike kichwa. Akikaza macho, usishindane naye. Dondosha tone kwenye kona iliyo karibu na pua, macho yakiwa yamefungwa hivyo hivyo, mwache alale chali. Akifungua tu, dawa inaingia yenyewe.

Kuhusu siku: marhamu ya tetrasaiklini kwa ugonjwa wa kawaida wa bakteria hutiwa mara tatu au nne kwa siku, kwa muda wa wiki moja. Matone ya kloramfenikoli mara nyingi hutiwa kila baada ya saa mbili katika siku mbili za kwanza, kisha mara nne kwa siku. Fuata uliloandikiwa wewe. Shida kubwa ninayoiona nikizunguka manyumbani ni kwamba siku ya tatu jicho linakuwa jeupe, mtu anaiweka tyubu juu ya kabati "isiharibike bure". Halafu mwezi wa tatu jirani anaumwa, anapelekewa tyubu ile ile. Hapo mgonjwa wa kwanza hakumaliza tiba, na wa pili ametiwa dawa iliyokwisha kuharibika. Chupa ya matone ikishafunguliwa, baada ya wiki nne itupwe hata kama imebaki nusu. Andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu ya chupa. Iweke mahali penye baridi, mbali na jua na jiko. Kama huna friji, kando ya mtungi wa maji. Na kila mgonjwa awe na dawa yake, hata kama ni ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja. Taulo pia, na wanja. Akina mama na akina dada zangu, wanja uliotumia jicho likiwa na ugonjwa, utupe.

Si kila jicho jekundu linahitaji dawa hizi. Mtakumbuka mapema mwaka 2024 macho mekundu yalipoenea hapa kwetu Pwani, Mombasa, Kilifi na kwingineko. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi, na dawa ya bakteria haiui virusi. Watu walimaliza matone madukani, wakapona baada ya wiki moja au mbili, wakayasifu matone. Wengi wangepona hata bila hayo. Kwa kawaida virusi huleta machozi mengi mepesi, ilhali bakteria huleta usaha mzito wa manjano au kijani unaogandisha kope. Macho yanayowasha sana, kila msimu wa vumbi au maua, mara nyingi ni mzio. Dalili hizi huchanganyika, hata sisi hutuchanganya, kwa hiyo ni vyema jicho liangaliwe.

Ukinunua dawa dukani, soma. Tyubu lazima iwe na neno la Kiingereza "eye", yaani jicho. Tetrasaiklini ya macho ni asilimia 1. Ile ya ngozi ni asilimia 3, na tyubu zake zinafanana. Ya ngozi isiingie jichoni kamwe. Halafu tazama majina yanayoanza na herufi D-E-X-A, B-E-T-A au P-R-E-D. Hizo mara nyingi ni steroidi, na wakati mwingine huchanganywa na dawa ya bakteria ndani ya chupa moja. Huondoa wekundu upesi sana, ndiyo maana watu huzipenda. Lakini kama jicho lina kidonda, steroidi hufunika maumivu huku kidonda kikiendelea kula.

Nilimwona mzee mmoja aliyechomwa jichoni na ukuti akikwea mnazi. Duka moja lilimuuzia matone ya namna hiyo. Jicho likatulia, akashukuru, akaendelea kutia kwa wiki tatu. Alipokuja kwetu tayari palikuwa na doa jeupe katikati ya ile sehemu nyeusi. Tulimpeleka hospitali kubwa, wakatibu kidonda, lakini jicho lile haliwezi tena kumtambua mtu aliyesimama mlangoni. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa macho aliyekwisha kulichunguza jicho kwa taa yake. Si ya kujinunulia. Na maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani, jamani, tuviache. Vinaongeza uchafu mahali penye kidonda.

Kuna macho yasiyongoja tyubu. Mtoto mchanga, chini ya siku 28, akitoka usaha machoni, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huenda ni kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, na kisonono kinaweza kulitoboa jicho kwa siku moja au mbili. Ile marhamu anayotiwa mtoto mara tu anapozaliwa ni ya kinga. Usaha ukishatokea haitoshi tena, mtoto anahitaji sindano, na mama na baba nao watibiwe. Hapa akina baba hukasirika, lakini jicho la mtoto haliwezi kungoja ugomvi wa wazazi uishe. Vivyo hivyo nenda upesi kama jicho linauma sana, halivumilii mwanga, haliono vizuri, lina doa jeupe, limechomwa na kitu, au umetia dawa siku mbili na hakuna nafuu.

Kwa wasikilizaji wenye jamaa kule Turkana, Narok au Kajiado, trakoma ni habari nyingine. Tyubu ni ile ile ya tetrasaiklini, ila hutiwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita nzima, au wapewe azithromaisini ya kumeza, inayogawiwa kijiji kizima kwa pamoja. Siku saba kule hazitoshi.

Ukija kliniki na umepewa dawa ya macho, usitoke kabla hujamwambia muuguzi, "Nionyeshe." Akikuonyesha, mwambie, "Sasa niangalie nikitia mwenyewe." Akikunja uso kwa sababu ya foleni, mngoje tu.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza kuhusu masikio yanayotoa usaha. Kwaheri kwa sasa.