Saumu na Presha: Tupange Saa za Dawa Kabla Mwezi Haujaandama



Mwezi mtukufu wa Ramadhani unakaribia. Kuanzia Kaole hadi Mlingotini, miongoni mwa wanaojiandaa kufunga wamo wenye shinikizo la damu, ambalo tumezoea kuliita presha. Ombi langu kwao ni moja: asiache mtu dawa kwa sababu ya saumu.

Saumu yenyewe si adui wa mtu ambaye presha yake imedhibitiwa. Utafiti uliofanyika miongoni mwa Waislamu wa London na kuchapishwa mwaka 2021 ulionesha kuwa, baada ya Ramadhani, kipimo cha juu kilishuka kwa takriban 7 na cha chini kwa takriban 3. Hatari huanza pale mgonjwa anapovifungia vidonge kabatini mpaka Idi. Presha hupanda kimya kimya bila maumivu, na wengine huitambua siku ya kiharusi.

Hapa pwani mchana wa saumu ni wa saa 13 hivi. Dawa ya mara moja kwa siku yaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Ya mara mbili yaweza kugawanywa kati ya nyakati hizo. Dawa inayoongeza mkojo yahitaji uangalifu zaidi, kwani ikimezwa wakati wa daku, mwili hupoteza maji mchana kutwa katika joto letu. Mabadiliko haya ayapange mtabibu, si jirani. Fikeni mapema katika zahanati au kituo cha afya mkiwa na vidonge vyenu vyote.

Futari nayo iangaliwe. Papa na ng'onda wana chumvi nyingi. Samaki wabichi ni bora zaidi. Maji yanywewe kidogo kidogo usiku kucha.

Ambaye presha yake haijatulia, au ana maradhi ya figo au moyo, asijilazimishe. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na yeyote atakayepatwa na ganzi upande mmoja, ulimi mzito au maumivu ya kifua, afungue na kuwahishwa hospitali papo hapo.

Nawatakia Ramadhani njema, yenye ibada na afya.