Duka Kubwa Likifungwa, Nani Atakulipa?



Nataka kuzungumza nanyi juu ya kufifia kwa maduka makubwa yenye matawi mengi, yale ambayo humo mtu alinunua unga, sare za shule, jiko la gesi na godoro chini ya paa moja. Habari za kuanguka kwake husimuliwa kama habari za matajiri na benki. Mimi nitazisimulia kwa upande wa mnunuzi, kwa sababu ana fedha zake humo, na mara nyingi hajui kwamba zimo.

Tuanze na historia kwa ufupi. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali ya Kenya, ikawekwa chini ya uendeshaji wa Standa, kampuni ya Italia iliyokuwa na maduka mengi kwao. Kusudi lilikuwa kumfikishia mwananchi wa kawaida bidhaa kwa bei ya haki na kuvipatia viwanda vya nchini mahali pa kuuzia. Mwezi Juni 2006 ilifunga milango, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, na mwezi Oktoba 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, ambayo jina lake ni ufupisho wa Nakuru Mattresses, ilianza na magodoro mjini Nakuru, ikaenea Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Tuskys nayo, ambayo asili ya jina lake ni Tusker Mattresses, ilianza kufunga tawi baada ya tawi mwaka huohuo wa 2020.

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala halitaishia kwetu. Huko Uingereza, Woolworths ilikuwa imehudumu kwa karibu miaka 100 ilipofunga duka lake la mwisho mwezi Januari 2009. Maduka 807 yakatoweka pamoja na kazi za watu wapatao 27,000. Huko Marekani, Sears, iliyowahi kuwa muuzaji mkubwa kuliko wote nchini humo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Oktoba 2018. Sababu hutofautiana: kule ununuzi kwa intaneti ulichangia sana, kwetu, madeni na upanuzi wa pupa vilitangulia. Lakini ukubwa na umri wa duka haukuwa kinga popote.

Duka lenye rafu ndefu namna hii linawezaje kuishiwa fedha? Supamaketi hupokea bidhaa kutoka kwa msambazaji leo, huziuza wiki hii kwa fedha taslimu, na humlipa msambazaji baada ya siku 60, 90 au zaidi. Katikati hapo, fedha za msambazaji zimo mkononi mwa duka. Mwenye busara huzitunza zisubiri siku ya malipo. Mwenye pupa huzitumia kufungulia tawi jipya, na tawi hilo likichelewa kuleta faida, hufungua jingine ili mauzo yake yalipe deni la lile la kwanza. Wasambazaji wakichoka kungoja, huacha kuleta bidhaa. Rafu zikiwa tupu, wateja huhama. Wateja wakihama, kodi ya jengo haipatikani. Hivyo ndivyo duka linavyoweza kuonekana linanawiri huku msingi wake umekwisha kuliwa na mchwa.

Sasa nifike kwenye neno ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo. Msambazaji si mtu pekee anayelikopesha duka. Wewe pia hulikopesha kila unapolipa kabla ya kupokea. Vocha ya zawadi uliyopewa na mwajiri wako mwisho wa mwaka ni deni ambalo duka linadaiwa. Arbuni uliyoweka kwa ajili ya friji ni deni. Pointi zilizo katika kadi yako ni ahadi tu. Waranti ya miaka miwili iliyotolewa na duka lenyewe ni ahadi ya mtu ambaye huenda mwakani asiwepo.

Na duka likifilisika, wadai hawalipwi kwa usawa. Kwa muhtasari, sheria ya ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 huitambua kwanza haki ya mkopeshaji mwenye dhamana, ambaye huishika mali aliyowekewa rehani. Gharama za ufilisi hulipwa, kisha mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa, kisha kodi ya serikali. Baada ya hao ndipo huja wadai wasio na dhamana. Mama mwenye vocha ya shilingi 5,000 husimama hapo, kando ya kampuni ya maziwa inayodai mamilioni. Mara nyingi foleni inapowafikia, sanduku limebaki tupu.

Waingereza walilijua hilo kwa uchungu. Mwezi Oktoba 2006 ilianguka kampuni ya Farepak, ambayo watu wa kipato cha chini waliiwekea fedha kidogo kidogo mwaka mzima ili wapate vocha na vikapu vya vyakula vya Krismasi. Zaidi ya watu 100,000 waliikosa sikukuu waliyokwisha kuilipia, na walisubiri miaka kurudishiwa sehemu tu ya fedha zao. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Lakini vocha, ndugu zangu, huoza.

Basi tufanyeje? Sisemi muyakimbie maduka makubwa. Mengi huendeshwa vizuri na kutuhudumia kwa uaminifu. Nasema tununue kwa macho yaliyo wazi.

Kwanza, tuzisome dalili, kwani dalili ya mvua ni mawingu. Rafu iliyojazwa aina moja ya sabuni kutoka mwanzo hadi mwisho ili kuficha upungufu. Mkate na maziwa, ambavyo huletwa kila siku, kukosekana kwa wiki nzima. Wafanyakazi kulalamikia mishahara. Mwenye jengo kufunga mlango kwa ajili ya kodi. Dalili moja peke yake si ushahidi. Zikikusanyika tatu au nne, usiache fedha yako humo.

Pili, vocha itumike mapema. Anayeihifadhi kwa ajili ya siku njema analikopesha duka bila riba. Waajiri na vyama vinavyogawa vocha vifikirie pia kama fedha taslimu hazingemfaa zaidi mpokeaji. Pointi nazo zihesabiwe kuwa punguzo la leo, zisihesabiwe kuwa akiba ya kesho.

Tatu, arbuni iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, na risiti iandikwe aina ya bidhaa, bei kamili, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukabidhiwa. Ukilipa kwa simu, hakikisha kwamba jina linalojitokeza ni la kampuni, si la mtu binafsi, kisha uhifadhi ule ujumbe. Kanuni hii inawahusu pia wauzaji wa mitandaoni, ambao leo huomba malipo kabla ya kuleta mzigo.

Nne, kabla ya kununua kifaa cha umeme, uliza waranti ni ya nani. Ikiwa ni ya mtengenezaji au wakala wake nchini, itabaki na nguvu hata duka likifungwa. Hakikisha kadi imepigwa muhuri na nambari ya kifaa imeandikwa.

Tano, duka likitangaza mauzo ya kufunga, bei nafuu isikupumbaze. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, na kifaa kijaribiwe hapohapo dukani. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 hairuhusu haki zilizomo kufutwa kwa makubaliano. Kwa hiyo bango la “bidhaa zikishauzwa hazirudishwi” halihalalishi bidhaa mbovu. Hata hivyo, haki bila mtu wa kuitekeleza ni chakula cha ndotoni: wiki ijayo huenda usimkute wa kumdai.

Na ikiwa duka limekwisha kufungwa nawe unalidai? Usiitupe risiti. Tazama magazeti na Gazeti Rasmi la Kenya upate jina la msimamizi au mfilisi na siku ya mwisho ya kuwasilisha madai. Andika dai lako, ambatisha nakala za risiti, vocha na ujumbe wa malipo, na ubaki na nakala zako. Asiyeandikisha dai hahesabiwi kabisa, hata kikipatikana kidogo cha kugawana.

Kumbukeni pia kwamba muda una thamani. Duka likiwa bado wazi na limekataa kukupa haki yako, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kampuni ikishawekwa chini ya msimamizi, hakuna kuishtaki bila idhini yake au ya mahakama. Malalamiko ya leo yana nguvu kuliko ya mwezi ujao.

Maduka yataendelea kufunguliwa na kufungwa. Katika jengo la Thika Road Mall jijini Nairobi, ilipotoka Nakumatt iliingia Carrefour, na wanunuzi wakaendelea kusukuma vitoroli kama kawaida. Mlango ulipata mpangaji mpya. Lakini mpangaji mpya halipi deni la yule aliyehama. Kwa hiyo kila mara mnapofika kwenye kaunta, jiulizeni: je, ninanunua, au ninakopesha? Mkiona mnakopesha, kopesheni kidogo, na kwa maandishi.