Profesa Aje na Mrithi



Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko ya Mto Mkondoa yaliharibu Reli ya Kati katika Wilaya hii ya Kilosa. Mitambo ya kupima maji na kuonya stesheni mapema yahitaji wahandisi wa kompyuta, nao wahitaji profesa wa kuwafundisha.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku. Kosa halikuwa la chuma. Mtambo ulitangulia, wataalamu wakafuata nyuma. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973, kilianza na walimu wengi wa kigeni, huku vijana wa nchi wakisomeshwa ng'ambo ili washike nafasi zao. Hiyo ilikuwa busara.

Basi chuo kinachomtafuta profesa wa kuongoza masomo mapya ya kompyuta kisihesabu shahada zake tu. Mkataba utaje mrithi atakayemfunza, na kwa muda gani. Mshahara nao umtoshe. Profesa anayekimbilia semina za posho (na semina hizo zajulikana) hajengi idara.

Profesa asiyekubali sharti la mrithi asiajiriwe, hata akiwa bingwa.