Ukili Katika Darasa la Kuchora



Nilipokuwa darasa la sita mwalimu alichora kikombe ubaoni, akatuamuru tukiige. Mimi nikakitia nakshi za mkeka wa shangazi yangu, nikachapwa kwa kuharibu kazi. Simlaumu sana, kwani naye ndivyo alivyofundishwa. Lakini tangu siku ile sikushika kalamu ila kwa barua za ofisi.

Watoto wa madarasa ya juu wamekwisha kupita umri wa kuchezea rangi. Wataka kazi yenye hesabu. Basi mtoto na apewe ukindu uliokaushwa na kuchanwa, sehemu yake imechemshwa katika rangi. Kwanza achore nakshi aliyoibuni mwenyewe katika karatasi yenye miraba, ahesabu kindu nyeupe na nyekundu, ndipo asuke ukili. Akikosa hesabu, nakshi hupotoka mbele ya macho yake, wala haihitajiwi fimbo kumwonya. Hufumua, akaanza tena. Kili za darasa zima zikishonwa pamoja, huwa mkeka.

Wako wasemao kusuka si elimu, ni kazi ya nyumbani (tena ya wanawake, huongeza). Hata hivyo Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafundisho ya sanaa Makerere, alitoa kitabu mwaka 1937 juu ya kazi za mikono za Kiafrika mashuleni.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali jambo moja: aalikwe mama mmoja msukaji wa mikeka, afundishe pamoja na mwalimu, naye alipwe.