Tusiitupe tezo

(Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)



Wiki iliyopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wa pwani ya Tanga. Anauliza swali fupi: watu wanahamia boti za faiba, je, sisi tuendelee kung'ang'ania mbao kwa sababu gani? Huyu si mtu wa kejeli. Ni mvuvi, ana akiba yake kidogo, anataka chombo, na akichagua vibaya hasara yake ni ya miaka. Nimeona nimjibu hadharani, maana bila shaka wenye swali hilo ni wengi, toka Lamu hadi Mtwara.

Kwanza tuweke kando hoja mbili ambazo watetezi wa mbao huzipenda mno. Ya kwanza ni uzuri. Ni kweli, jahazi lililotweka tanga jioni ni zuri, na wageni hulipiga picha. Lakini uzuri haulipi deni dukani. Hatuwezi kumwambia mvuvi abaki na chombo kinachovuja ili sisi tulioko nchi kavu tupate cha kutazama.

Hoja ya pili ni kwamba hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu. Wazee wetu walibadilika, ndugu msikilizaji, tena si mara moja. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na mji wa Rhapta ulipata jina lake kwa vyombo hivyo. Ushonaji huo uliendelea hadi zama za mtepe, ambao mbao zake zilifungwa kwa kamba za usumba bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Msumari ulishinda kamba, kitambaa cha pamba kikashinda mkeka, na baadaye mashine ikaja kusaidiana na tanga. Kwa hiyo anayenunua faiba leo hajawasaliti mababu.

Sasa tuitazame faiba yenyewe. Ni nyuzi laini za kioo, zilizofumwa kama kitambaa, zikatandazwa ndani ya kalibu na kulowanishwa kwa resini, yaani gundi ya kemikali inayochanganywa na dawa ili igande. Ikikauka unapata kitu kimoja kizima kisicho na maungio. Pasipo maungio hakuna kukalafati, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao hana lake. Boti ni nyepesi, watu wachache huivuta hadi juu ya mchanga. Na hudumu. Huko Ulaya na Marekani zipo boti za faiba za miaka ya 1960 ambazo bado zinasafiri. Si ajabu basi kwamba serikali, Bara na Zanzibar, zimechagua boti hizo katika mipango yao ya kuwawezesha wavuvi.

Mbao nayo ina adha zake, na anayezificha hamtendei haki mvuvi. Chombo cha mbao kikishushwa majini mara ya kwanza huvuja, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe na kubana. Kikiachwa juani muda mrefu, mbao husinyaa na maungio hufunguka. Mara kwa mara lazima kipandishwe pwani wakati wa bamvua, kikwanguliwe, kichomwe kwa makuti chini ya tumbo ili wadudu wafe, kisha kipakwe shahamu. Kazi hiyo haina likizo. Mwenye chombo cha mbao asiyekuwa na bidii atakumba maji kila siku, na mwisho atachoka yeye kabla ya maji.

Baada ya kusema hayo yote, kwa nini basi mimi siitupi mbao?

Sababu ya kwanza ni matengenezo. Mashua ikigonga mwamba na kuvunja ubao mmoja, fundi wa kijijini huja na tezo, msumeno na keekee. Huung'oa ubao ule, huchonga mwingine, hupigilia, hujaza pamba kwenye maungio, na chombo hurudi baharini. Kila kitu kinapatikana pwani palepale. Boti ya faiba ikipasuka, sehemu iliyoumia lazima ikauke kabisa, isuguliwe, ndipo kitambaa cha nyuzi na resini vipachikwe. Resini inatoka kiwandani, huharibika ikikaa sana kwenye joto, moshi wake ni mbaya kwa mapafu, na vumbi la kusugua huwasha ngozi na kifua. Si kazi isiyowezekana. Vijana wetu wanaweza kujifunza, na wako waliokwisha kujifunza. Lakini katika kijiji kisicho na fundi wa faiba wala duka la resini, ufa mdogo unatosha kuigeuza boti ya mkopo kuwa banda la kuku, huku mkopo ukiendelea kudaiwa.

Sababu ya pili ni tanga. Boti nyingi za faiba zinazouzwa kwa wavuvi zimeumbwa kwa ajili ya mashine. Ni nyepesi na hazina mkuku wa kushika maji, hivyo ukizitwekea tanga husukumwa kando kuliko kwenda mbele. Hilo si kosa la faiba. Faiba inaweza kuumbwa kwa umbo lolote, na nchi nyingi hujenga mashua za matanga kwa faiba. Lakini ile unayouziwa hapa, mara nyingi, ukiinunua umenunua na petroli ya maisha yake yote. Jahazi na ngalawa hutumia kaskazi na kusi, na upepo hauna bei ya pampu.

Sababu ya tatu ni usalama. Mbao, hata ikijaa maji, aghalabu huelea, na mtu hupata cha kushika. Faiba tupu ikijaa maji huzama, isipokuwa imejengewa visanduku vilivyozibwa vyenye povu gumu ndani. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, ukienda kununua faiba, usianze na rangi. Uliza visanduku viko wapi, na vimezibwa namna gani. Muuzaji akikosa jibu, ondoka.

Sababu ya nne inahusu mwisho wa chombo. Jahazi likichakaa, mbao zake hujengea, hupikia, au huoza na kurudi udongoni. Faiba haiozi, na kuichakata upya ni kazi ngumu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, walitangaza kwamba wamekuta chembe za faiba ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, mahali penye boti nyingi. Sisi tunakula pweza, chaza na kombe wa ufukwe uleule tunaopaki vyombo. Kabla boti hizi hazijazeeka kwa wingi, halmashauri zetu zingefaa kuamua mabaki yake yatakwenda wapi.

Hapa ndipo msikilizaji makini atanikamata: mbao zitoke wapi? Ni swali la haki. Fundi wa vyombo hatumii mti wowote. Kwa mataruma hutafuta mti uliopinda wenyewe, kama mlilana au mkomafi, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo wa chombo. Kwa mbao za ubavuni hupenda mninga, mvule, mtondoo au mwembe. Mvule huchukua miongo mingi kukomaa, na mikoko ndiyo inayolinda fukwe na mazalia ya samaki. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na mafundi wa Lamu wakabanwa. Nchini kwetu mikoko nayo haikatwi bila kibali. Atakayesema "tujenge kwa mbao" bila kusema "tupande" atakuwa amesema nusu.

Mwaka huohuo wa 2018, Lamu ilitoa jibu la aina yake. Fundi Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita kama tisa, kwa takriban tani 10 za taka za plastiki zilizookotwa, na ubavu wake wakaupamba kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri toka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita kama 500. Wengi walizitazama zile rangi. Mimi ninachokitazama ni kwamba plastiki ile iliyeyushwa ikafanywa mbao na mataruma, kisha ikachongwa na kuunganishwa kwa mikono ya mafundi waliojifunzia kwenye mti. Pasipokuwa na fundi wa jahazi, plastiki ile ingebaki taka.

Hilo ndilo lililo hatarini, kuliko mbao yenyewe. Fundi wetu hana ramani ya karatasi. Umbo la chombo liko jichoni na mkononi mwake. Akifa bila kufundisha, limekwenda. Ndugu zetu wa Oman walipotaka kujenga Jewel of Muscat, jahazi la kushonwa lililofuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 yaliyokutwa Indonesia, iliwabidi kuleta mafundi wa kamba kutoka Kerala, India. Jahazi lile lilifika Singapore mwaka 2010, kwa fahari kubwa na kwa gharama kubwa. Kujifunza upya kilichosahauliwa ni ghali kuliko kukitunza kingali hai.

Ushauri wangu basi ni huu. Mvuvi mwenye soko la karibu, fundi wa faiba na uwezo wa petroli, anunue faiba bila kuona haya. Mwenye kuvua kwa tanga, mbali na mji, abaki na mbao, na ajiwekee siku za kuitunza. Vyama vya wavuvi vinapokopeshwa boti, vidai pamoja nazo mafunzo ya kuzitengeneza. Shule za ufundi za pwani ziwaite mafundi wa Nungwi, Pangani na Kilwa wafundishe kwa malipo, wasingoje vyeti ambavyo wazee wale hawakupata kupewa. Na mashamba ya miti yatoe fungu kwa ajili ya vyombo. Misaji ya Longuza, kule Muheza, haiko mbali na bahari. Mivinje inayofaa kwa milingoti hukua haraka na hustahimili mchanga wa pwani. Kila kijiji kinaweza kuanza mwaka huu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Msemo huo wenyewe ulizaliwa ndani ya chombo cha mbao. Ndugu yangu wa Tanga, chagua chombo kitakachokurudisha nyumbani, na ukimpata fundi aliyekijenga, mpelekee mwanao akajifunze.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.